Je, wajua kwa nini pedeli ya klachi huzama mara tu baada ya kufunga klachi mpya?

Gari limetoka gereji asubuhi hii. Klachi pleti mpya, presha pleti mpya, rilizi beringi mpya. Unawasha, unakanyaga pedeli hadi chini, unatia rivasi: krrr! Unapampu mara tatu, gia inaingia. Ukikaa kidogo kwenye foleni, inagoma tena. Fundi anakuna kichwa na kukwambia, "Mzee, hapa itabidi tushushe giaboksi upya."

Usikubali haraka. Mara nyingi ugonjwa hauko ndani ya giaboksi. Uko nje, kwenye kisilinda kidogo kilichoshikwa na bolti mbili.

Chukua Toyota Hilux za miaka ya 90, ambazo mpaka leo zinabeba saruji na magunia ya mahindi. Klachi yake haivutwi na waya. Pedeli inasukuma masta ya juu, nayo inapeleka mafuta ya breki kwa bomba hadi masta ya chini, ubavuni mwa giaboksi. Pistoni ya huko inasukuma kifimbo, kifimbo kinasukuma foki, na foki inaikandamiza rilizi beringi kwenye vidole vya presha pleti. Klachi inaachia, yaani injini inatengana na giaboksi.

Lakini kama masta haikubadilishwa, kwa nini ife siku ileile?

Ni kwa sababu ya unene wa pleti. Kadiri klachi pleti inavyolika, presha pleti husogea upande wa flaiwili (gurudumu zito la injini ambalo pleti hubanwa juu yake), na vidole vyake, kama ubao wa pembea, huja upande wa giaboksi. Vidole huirudisha beringi, beringi huirudisha foki, na mwisho pistoni ya masta ya chini husukumwa ndani zaidi ya silinda yake. Jambo hili huenda taratibu, miaka mingi. Pistoni inazoea kucheza kule ndani, na sehemu ya silinda iliyo karibu na mdomo inabaki haipitiwi, ikikusanya unyevu, tope na kutu. Halafu unafunga pleti mpya, nene. Vidole vinakwenda mbele, pistoni nayo inalazimika kufanya kazi nje zaidi, juu ya kutu ileile. Raba ya pistoni, iliyochoka, inakwaruzika, mafuta yanavuja na upepo unaingia.

Tena siku hiyo kiwango cha mafuta kwenye kikopo cha juu hushuka, maana nafasi iliyoachwa nyuma ya pistoni lazima ijazwe. Kikopo kikiwa kilishapungua, masta inameza upepo bila mtu kujua. Na kuna makosa ya mikono pia: masta ya chini imefunguliwa, inaning'inia kwenye bomba lake, mtu anakanyaga pedeli, pistoni inachomoka.

Upepo kiasi gani unatosha kuharibu kazi? Kidogo mno. Masta yenye kipenyo cha milimita 16, pistoni yake ikisafiri sentimita 2.5, inasukuma mililita 5 tu za mafuta, yaani kijiko kimoja cha chai. Mafuta hayabonyei, upepo unabonyea. Povu la mililita 1 linakula karibu sehemu moja ya tano ya safari yote, na klachi haiachii vizuri.

Kipimo changu ni rula. Zima injini, weka gia huru, vuta handibreki, weka mawe kwenye matairi, kisha lala chini ya gari wakati mwenzako anakanyaga pedeli polepole. Tazama kifimbo cha masta ya chini. Kikitoka milimita chache tu, shida ni mafuta, upepo au raba. Kikitoka zaidi ya sentimita moja na gia bado inakwaruza, hapo ndipo pa kushuku ndani: pengine pleti imefungwa kinyume, upande wa springi ukielekea flaiwili. Hapo kushusha giaboksi kuna haki yake.

Pedeli ikizama yenyewe taratibu ukiwa umeikanyaga, na nje ni pakavu, raba za masta ya juu zinapitisha. Pitisha kidole pia nyuma ya pedeli, kwenye zulia. Unyevu pale ni mafuta ya masta. Uchezaji wa bure wa pedeli katika Toyota nyingi ni milimita 5 hadi 15. Usipokuwepo kabisa, klachi itaanza kuteleza ikipata moto.

Kutoa upepo kwa kupampu kutoka juu husumbua, kwa kuwa upepo hupenda kupanda. Mimi hutumia bomba la sindano kubwa na kimpira: nafungua nipo (skrubu ya kutolea upepo) ya masta ya chini, nasukuma mafuta mapya yapande taratibu hadi kikopo cha juu. Tumia DOT 3 au DOT 4, kamwe si oili ya injini, itavimbisha raba zote.

Hilux yangu mwenyewe iliandikiwa kushushwa giaboksi mara ya pili. Nikaivuta kofia ya mpira ya masta ya chini kwanza. Mafuta meusi yakamwagika, yakateremka hadi kwenye kiwiko. Nilisafisha silinda, nikaweka raba mpya na kutoa upepo, na kabla ya magharibi rivasi iliingia kimya.