Rangi ya bawa wakati wa kujaza mafuta: tunayoyaamini na yalivyo

Simama asubuhi moja Wilson, Nairobi, au uwanja wa Arusha, uangalie ndege ndogo ya Cessna 172 ikijazwa mafuta. Kijana yuko juu ya ngazi na mpira wa kupitishia mafuta umelala kwenye ukingo wa mbele wa bawa. Kila akiuvuta kidogo apate urefu, unasaga rangi pamoja na vumbi lililokuwa limetua juu yake. Mafuta hayajatoka hata tone. Miezi sita baadaye mwenye ndege ataona rangi imechubuka hapo, na atalaumu petroli.

Dhana: Avgas, yaani petroli ya ndege za injini ya pistoni, ndiyo inayokula rangi.

Ndege nyingi za siku hizi hupakwa poliyurethani, ile ya kuchanganya na kigumushi. Ikishakomaa vizuri, hustahimili tone la Avgas 100LL. Ikiwa bado changa, au imezeeka ina nyufa, hilo ni jambo jingine. Kinachobaki kwa kawaida ni doa la bluu. Bluu hiyo imetiwa kwa makusudi ili mtu asiichanganye na Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti, ambayo haina rangi au ina umanjano hafifu. Petroli hupaa upesi, bluu ikabaki pamoja na mabaki ya madini ya risasi. Likifutwa papo hapo, halisumbui. Likiachwa lipigwe jua wiki mbili, utalisugua mpaka uchoke.

Ila mafuta yote hayafanani. Huko California, mafuta yasiyo na risasi yaitwayo G100UL, yaliyoidhinishwa na FAA (mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani) mwaka 2022, yalipoanza kuuzwa, baadhi ya wamiliki walilalamika kuwa yametia madoa na kulegeza rangi. Watengenezaji wake hawakukubaliana nao, na mzozo ukawa mkubwa. Kwa hiyo mafuta yakibadilika uwanjani kwako, usichukulie kwamba rangi yako itayapokea kama ilivyoyapokea yale ya zamani.

Dhana: tandika chochote, bora bawa lifunikwe.

Hapa ndipo nia njema huleta balaa. Nimeona taulo, gunia, hata kipande cha zulia la nailoni kimetandikwa kuzunguka mdomo wa tanki. Nailoni ikisuguliwa huzalisha umeme tuli, na hapo juu una mvuke wa petroli unaosubiri cheche moja tu. Tumia mkeka wa mpira uliotengenezwa kwa kazi hiyo, wenye tundu la kupitisha nozeli, yaani mdomo wa chuma wa mpira wa mafuta. Nao una masharti yake: ugeuze kwanza uangalie upande wa chini. Mkeka uliotupwa sakafuni kwenye boza huokota mchanga, na mkeka wenye mchanga ukikandamizwa na uzito wa mpira ni msasa. Pangusa bawa, pangusa mkeka, kisha tandika.

Mpira wenyewe upitishwe begani. Bega lichukue uzito, bawa lisichukue kitu.

Dhana: klipu ya ethi (waya wa kuondoa umeme tuli) ibane popote, chuma ni chuma.

Rangi haipitishi umeme. Klipu ikibana mahali palipopakwa, meno yake yanachimba rangi na ulinzi wenyewe huna, yaani umepata hasara mara mbili. Bana kwenye chuma kitupu: sehemu iliyotengwa kwa kazi hiyo kama ndege inayo, pete ya kufungia ndege chini, au bomba la ekzosi (angalia limeshapoa). Waya huungwa kabla kifuniko cha tanki hakijafunguliwa, na hutolewa baada ya kufungwa. Hili halina mjadala hata kama una haraka ya abiria.

Dhana: nozeli ikikaa yenyewe kwenye mdomo wa tanki, mikono ipumzike.

Nozeli ni nzito, na nyuma yake kuna mpira uliojaa mafuta. Ikiegemea, inalemea ukingo wa mdomo, inachubua rangi pale penye mzingo, na inaweza kukunja bati ambalo unene wake haufiki hata milimita 1. Ishike mpaka mwisho. Ukiitoa, igeuze mdomo juu, la sivyo matone ya mwisho yatakwenda juu ya bawa.

Dhana: michirizi ya bluu nyuma ya kifuniko ni uzembe wa mjazaji.

Wakati mwingine ndiyo. Lakini kama michirizi inarudi kila baada ya safari, imenyooka kuelekea nyuma, mwache kijana wa watu. Ndege ikiruka, hewa juu ya bawa ina mgandamizo mdogo, na kifuniko chenye mpira wa kuzibia uliokakamaa huruhusu mafuta yanyonywe nje. Mpira huohuo ndege ikilala nje huruhusu mvua iingie ndani, na maji kwenye tanki ni habari mbaya kuliko doa lolote. Badilisha mpira wa kifuniko.

Dhana: mkwaruzo mdogo ni suala la urembo.

Chini ya rangi kuna praima, yaani rangi ya msingi, na chini ya praima kuna alumini. Mkwaruzo ukifika kwenye alumini, unyevu hupenyeza na kutu hutambaa chini ya rangi kama mizizi myembamba. Ndege inayolala Mombasa au Zanzibar, penye hewa ya chumvi, haina muda wa kusubiri.

Ndege za mabawa ya chini kama Piper PA-28 zina adui wake: mjazaji anaegemea bawa kwa tumbo ili afikie tanki, na chuma cha mkanda wake kinachora mistari mifupi mifupi kwenye ukingo wa mbele. Mwambie auzungushe mkanda hadi ubavuni, atoe na funguo mfukoni. Siku ya kwanza atakucheka.