Kifaa kimeandikwa hakina madini ya risasi, mbona kipimo kinaonyesha risasi?

Kijana ninayefanya naye kazi ya ukaguzi wa malighafi aliniletea transista ndogo, yaani kile kijidude cha kielektroniki kinachodhibiti mkondo wa umeme, haizidi ukucha wa kidole gumba. Mashine ya eksirei ilikuwa imeonyesha madini ya risasi, tena mengi, ilhali karatasi za muuzaji zinasema inatimiza sheria ya RoHS. "Kaka, huyu katudanganya," akaniambia.

Hakutudanganya. RoHS ni sheria ya Umoja wa Ulaya inayobana sumu kwenye vifaa vya umeme. Ilianza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2006, ikaandikwa upya mwaka 2011. Risasi na zebaki haziruhusiwi kuzidi asilimia 0.1 ya uzito, kadimi asilimia 0.01. Na uzito huo si wa kifaa kizima, jambo ambalo wengi hulikosea. Waya mmoja tu unapimwa mara kadhaa: ganda lake la plastiki peke yake, shaba peke yake, na utando uliopakwa juu ya shaba peke yake.

Sasa ingia ndani ya ile transista. Lehemu ni metali inayoyeyushwa ili kuunganisha vipande vya umeme. Ile ya zamani ya bati na risasi iliyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Ya siku hizi, yaani bati lenye fedha na shaba kidogo, huanza kuyeyuka karibu nyuzi 217, kwa hiyo tanuri la kiwandani hupandishwa juu zaidi ya hapo. Lakini ndani ya transista, chipu ya silikoni nayo imeshikizwa kwa lehemu juu ya bamba la shaba. Lehemu hiyo ya ndani ikiyeyuka wakati transista inapachikwa kwenye bodi ya saketi, chipu inahama na kifaa kimekufa kabla hakijawashwa. Ndiyo maana viwanda hutumia lehemu yenye risasi asilimia 85 au zaidi, ambayo hustahimili joto la karibu nyuzi 300. Sheria inaitambua kwa msamaha namba 7(a), yaani ruhusa maalumu ya kuzidi kiwango.

Msamaha huo umepewa matumizi hayo, haukupewa kampuni. Risasi ileile ikikutwa kwenye viungo vya kawaida vya bodi ya redio, ni kosa.

Anayeomba msamaha hana budi kuonyesha kwamba hakuna mbadala unaowezekana kitaalamu, au kwamba mbadala uliopo hauaminiki, au kwamba kwa ujumla utadhuru watu na mazingira kuliko sumu yenyewe. Kwa vifaa vingi msamaha haupiti miaka 5, na anayetaka kuuongeza aombe angalau miezi 18 kabla haujaisha.

Hapa pananikera. Ombi likiwasilishwa kwa wakati, msamaha wa zamani unaendelea hadi uamuzi utoke, hata tarehe ikipita. Msamaha 7(a) ulipangiwa kuisha tarehe 21 Julai 2021, siku ikapita nao ukabaki hai. Naielewa sababu, maana huwezi kusimamisha viwanda kwa kuwa faili halijasomwa. Ila kila mwaka wa kungoja ni risasi zaidi kwenye bodi ambazo siku moja zitavunjwa na mtu asiye na glavu, na watoto ndio risasi huwaumiza zaidi, kwenye ubongo.

Mlango hufungwa kweli mbadala ukipatikana. Taa za tyubu za T5 na T8 zilivumiliwa zebaki yake kwa miaka mingi. Taa za LED zilipokomaa, msamaha ukaondolewa, na tangu Agosti 2023 tyubu hizo za matumizi ya kawaida haziingizwi tena kwenye soko la Ulaya.

Tukarudi kwenye karatasi. Namba 7(a) ilikuwepo, ukurasa wa pili, mbele ya jina la transista. Chini yake kulikuwa na soketi ya aloi ya shaba, ambayo kwa msamaha 6(c) inaruhusiwa risasi hadi asilimia 4. Mashine ilionyesha risasi humo pia, lakini muuzaji hakuandika namba yoyote. Transista tukaipitisha, soketi tukairudisha.