Mwacheni dinosauri alale, tuongee habari za mbuzi

Kila nikitaja kwamba kazi yangu ni jeni, swali la kwanza huwa lilelile: "Mtatuletea dinosauri lini?" Anayeuliza hucheka, ila kicheko chenyewe kina woga ndani. Basi nilimalize mapema. DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya seli, huoza. Kongwe kuliko zote zilizowahi kusomwa ilitoka kwenye udongo wa Greenland, ina miaka milioni 2 hivi. Dinosauri wana miaka milioni 66 tangu watoweke. Hakuna cha kunakili.

Siwacheki wenye woga. Mwaka 1802, daktari Mwingereza Edward Jenner akiwa ameshaanza kuchanja watu dhidi ya ndui kwa kutumia ndui ya ng'ombe, mchoraji James Gillray aliwachora waliochanjwa wakichomoza ng'ombe mwilini. Woga ule ulikosea mlango tu. Wa leo nao naona unabisha pasipo mtu.

Mimi kinachoninyima usingizi ni mbuzi. Bukado, mbuzi mwitu wa milima ya Pyrenees, mpakani mwa Hispania na Ufaransa, aliisha Januari 2000, pale jike wa mwisho, Celia, alipokutwa amelaliwa na mti. Bahati nzuri, mwaka uliotangulia alikatwa kinyama cha sikio, seli zikagandishwa. Ili kumrudisha bukado, viini vya seli hizo vikatiwa kwenye mayai ya mbuzi wa kufugwa yaliyokwisha kutolewa viini vyake. Viinitete (mimba changa kabisa) 208 vikapandikizwa kwa majike 57. Saba wakashika mimba. Julai 2003 mmoja akazaa: mtoto wa bukado, macho wazi, anatweta. Dakika chache, kwisha. Walipompasua wakakuta pande la nyama lililozidi kwenye pafu.

Habari hiyo husimuliwa sana, na kila mara anayesikitikiwa ni mtoto. Wale majike 57 hawatajwi. Sasa weka tembo mahali pa mbuzi, maana ndiye anayepigiwa hesabu ya kumbebea mimba mamothi, yule tembo wa kale mwenye manyoya aliyetoweka. Mimba ya tembo ni miezi 22 hivi, na tembo wenyewe wako hatarini. Tena ndama wa tembo hufundishwa na mama na mashangazi: ale nini, maji yako wapi. Mamothi atafundishwa na nani?

(Wale "mbwamwitu wa kale" waliotangazwa mwaka 2025 ni mbwamwitu wa kijivu waliohaririwa jeni 14. Kuwaita waliofufuka ni biashara.)

Ninapounga mkono bila kusita ni kwa kicheche wa Marekani mwenye miguu myeusi. Waliopo karibu wote ni uzao wa wanyama saba, damu imekaribiana mno. Jike mmoja, Willa, hakuacha kizazi kilichodumu, lakini seli zake zilikuwa kwenye barafu tangu 1988. Desemba 2020 akazaliwa pacha wake aliyenakiliwa kutoka seli hizo, Elizabeth Ann. Baadaye akaja Antonia, wa seli zilezile, na mwaka 2024 Antonia akazaa mwenyewe, kwa dume wa kawaida. Watoto watatu, wawili wakaishi. Hawa walikuta mama anayenyonyesha, na wenzao wapo.