Uvimbe gani hasa?

Juzi katika soko la Kibuye, Kisumu, nilimsikia muuza dawa za mitishamba akinadi chupa ya maji ya mwarobaini kwamba maabara imethibitisha kuwa "inapunguza uvimbe," na mama mmoja mwenye uvimbe kwenye kizazi akafungua kibeti chake.

Kimaabara, dawa ya aina hiyo ni ile inayotuliza mwako wa mwili, yaani hali ya mahali palipoumia kuwa pekundu, pa moto, pamevimba na penye maumivu. Tatizo ni neno lenyewe. Uvimbe umetokana na vimba kama upinde ulivyotokana na pinda, na kitenzi hicho hakijali sababu: mguu ulioteguka huvimba, mlafi huvimbiwa, mwenye majivuno huvimba kichwa. Hata Warumi walikwama papo hapo, kwani Celsus, mwandishi wao wa mambo ya tiba katika karne ya kwanza, alipotaja dalili nne za mwako, ile ya kuvimba aliiita tumor, neno ambalo madaktari wa leo wamelihamishia kwenye nyama inayoota mahali isipostahili.

Sasa tazama jinsi dawa ya mwako inavyopimwa maabara. Njia iliyozoeleka tangu 1962 ni kumdunga panya, chini ya ngozi ya unyayo wa nyuma, mililita 0.1 ya karajinani, ute wa mwani mwekundu wa jamii ile ile inayolimwa Kibuyuni, Kwale. Unyayo hufura, ukafikia kilele baada ya saa tatu hadi tano, na mtafiti huuchovya kwenye chombo cha maji ili apime ujazo wake. Panya wengine hupewa diklofenaki au indomethasini, dawa za hospitali za kutuliza mwako, ili kulinganisha, na wengine hawapewi dawa yoyote. Lakini kinachosahaulika sokoni ni hiki: kwa kawaida panya huwa ameshanyweshwa dawa ya mmea nusu saa au saa nzima kabla ya sindano. Kwa hiyo "kupunguza" maana yake ni kwamba unyayo wake haukufura kama wa mwenzake asiyetibiwa, si kwamba kitu kilichokuwapo kimeyeyuka. Uvimbe wa kizazi ni misuli iliyoota taratibu kwa kuchochewa na homoni, na unyayo wa panya hauna ushahidi wowote juu yake.

Yule mama nilimsihi aende kliniki kwanza. Muuzaji nilimwomba tu, "Daktari, sema ni dawa ya mwako, na uongeze kwamba ilijaribiwa kwa panya."