Mstari uliotajwa kwenye kosa la Python sio lazima ndio wenye shida

Wengi wanaoandika programu kwa lugha ya Python wanaamini skripti ikigoma, mstari uliotajwa chini kabisa ya ule mlolongo wa kosa (traceback, maandishi ambayo Python inayatoa programu inapogoma) ndio wenye shida, urekebishe huo tu basi. Na ni rahisi kuamini hivyo maana mara nyingi inakuwa kweli.

Ila mlolongo ule unaonyesha fanksheni (vipande vya programu vyenye jina, vinavyoitwa kufanya kazi fulani) zilizokuwa bado zinaendelea kosa lilipotokea, iliyoita mwanzo iko juu na ya mwisho iko chini, sasa fanksheni iliyokwishamaliza kazi yake haiandikwi humo hata kama ndio imeharibu mambo. Chukua fanksheni ya tafuta_bei uliyosahau kuiwekea return (amri ya kurudisha jibu), itarudisha None, yaani "hakuna kitu", kimyakimya ukaihifadhi kwenye bei, halafu huko mbele unapofika bei * 2 ndio unapigwa TypeError (kosa la kutumia aina ya data isiyofaa), na tafuta_bei haitajwi popote! Jaribu mwenyewe, mistari minne inatosha, kisha weka print(bei) juu ya palipogoma ufuatilie ile None imetokea wapi.

Maonyo (warnings, ujumbe wa kutahadharisha usiosimamisha programu) ndio yanachanganya zaidi kwa kweli, kwa kawaida yanataja mstari mmoja bila mlolongo, na onyo likijirudia palepale linaonyeshwa mara moja tu kwa hiyo mtu anadhani limeisha. Endesha skripti yako hivi: python -W error skripti.py, onyo litageuka kosa na mlolongo wote utauona. Usiiache hivyo kwenye programu ambayo watu wanaitumia lakini, itasimama kwa kionyo kidogo tu.