Maana ya kumrudisha orangutani porini

Orangutani, jamaa ya sokwe na gorila, huishi porini katika visiwa viwili tu: Borneo na Sumatra. Kumrudisha porini ni kumfundisha yatima mambo ambayo mama yake angemfundisha kwa miaka sita hadi minane, kisha kuhakikisha kwa macho kwamba ameyashika.

Wengi wanaofikishwa vituoni, kama Sepilok huko Sabah, jimbo la Malaysia kisiwani Borneo, ni watoto ambao mama zao waliuawa, mara nyingi misitu ilipofyekwa kupisha michikichi. Kwanza huwekwa karantini wapimwe kifua kikuu, homa ya ini na minyoo. Maradhi ya binadamu huwapata upesi, na mgonjwa mmoja akiachiwa anaweza kuambukiza msitu mzima.

Kisha huja shule ya msitu. Walezi huwapeleka kila siku mitini, nao hujifunza kujenga kiota kipya kila jioni, kubandua magome wapate utando laini wa ndani, kupasua magogo yaliyooza yenye mchwa, na kuchomoa kiini cha henzerani. Vyakula hivi vya wakati matunda yanapoadimika ndivyo mtihani wenyewe, kwani matunda yakiwa tele karibu kila mmoja hufaulu. Anayezoea kushuka ardhini, au anayewakimbilia watu, bado hajawa tayari.

Akiachiwa, lazima afuatiliwe, lakini kola ya redio ya shingoni haimfai: ana kifuko cha sauti shingoni, na mikono yake huweza kuivua. Kwa hiyo daktari humpachika kifaa kidogo cha redio chini ya ngozi, kati ya mabega. Betri yake huisha baada ya miaka michache, na milima huziba mawimbi, hivyo ukimya wa redio hauthibitishi kifo wala uhai.

Wafuatiliaji hufika chini ya kiota kabla hajaamka, wakamwandama hadi alale tena, wakiwa wamevaa barakoa na kukaa mbali naye kwa mita 10 au zaidi. Kwa vipindi vya dakika chache huandika anachofanya, anachokula na urefu alipo kutoka ardhini. Mkojo wake hukingwa kwa plastiki: ketoni zikionekana, anateketeza mafuta ya mwili, maana chakula hakimtoshi. Akidhoofika sana, hulishwa au hurudishwa kituoni.

Kumaliza mwaka porini kunatia moyo. Dalili tunayoiamini zaidi ni jike aliyeachiwa kuzaa na kumlea mwanawe mwenyewe, nayo huchukua miaka mingi kuonekana.