Vipokezi vya Seli za Kinga katika Malaria ya Panya

Kipokezi ni protini iliyo juu ya seli au ndani yake, ambayo hunasa kitu mahususi na kuipa seli habari kwamba kitu hicho kimefika. Seli ya kinga isiyo na vipokezi haiwezi kumtambua adui hata akiwa amejaa katika damu inayoizunguka.

Mengi tunayoyajua kuhusu vipokezi hivi katika malaria yametokana na panya wa maabara walioambukizwa Plasmodium berghei, kimelea kilichogunduliwa na Ignace Vincke na Marcel Lips mwaka 1948 katika damu ya panya wa vichakani huko Katanga, Kongo. Faida kubwa ya kutumia panya hawa ni kwamba mtafiti anaweza kuzalisha panya waliokosa jeni ya kipokezi kimoja tu, akawaambukiza sambamba na panya wa kawaida, kisha akalinganisha yanayowapata.

Kipokezi TLR9, kwa mfano, hutambua DNA ya kimelea iliyoshikamana na hemozoini, yaani mabaki meusi ya hemoglobini iliyoliwa na kimelea, na hapo seli huanza kutoa kemikali za kuamsha kinga.

Lakini kuamka kwa kinga si heri tupu. Panya wa ukoo wa C57BL/6 wakiambukizwa ANKA, aina mojawapo ya Plasmodium berghei, hupata malaria ya ubongo, na wengi hufa kati ya siku ya 6 na ya 10, kabla vimelea havijawa vingi sana katika damu. Wanaowaua ni askari wao wenyewe: seli T za CD8, yaani seli za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa, huvutwa hadi kwenye ubongo kwa kipokezi CXCR3, kisha hushambulia kuta za mishipa midogo zinazoonyesha vipande vya protini za kimelea, na mishipa huvuja. Panya waliokosa CXCR3 huponea kwa wingi, ingawa vimelea katika damu yao havipungui.

Kinachonigusa zaidi ni kipokezi PD-1, kinachozuia seli T zisipitilize. Katika maambukizi ya Plasmodium yoelii, kimelea kingine cha malaria ya panya, kuziba njia yake ya kutuma habari pamoja na ya LAG-3, kipokezi kingine cha kuzuia, kuliharakisha kuondoka kwa vimelea. Ilhali panya wa ukoo wa BALB/c, ambao kwa kawaida hawapati malaria ya ubongo, waliugua malaria hiyo pale njia ya PD-1 ilipozibwa baada ya kuambukizwa ANKA.